Wapambe wako wakitukana jukwaani ufanyeje: kwa anayegombea Arusha na Moshi

Kama una mpango wa kugombea, iwe uenyekiti wa mtaa kule Pasua, udiwani Sombetini au ubunge kabisa, najua utatumia usiku mwingi kuwaza mpinzani wako atasema nini kuhusu wewe. Sawa, waza. Ila waza na MC wako atasema nini kuhusu mpinzani, maana hapo ndo wengi wanapopigwa. Mi nimekaa nyuma ya majukwaa vya kutosha, kazi yangu kupanga ratiba, kuhakikisha jenereta ina mafuta na kuzuia watoto wasivute nyaya za spika, na maneno mengi yaliyowaletea wagombea shida nimeyasikia yakitoka kwa mtu aliyepewa maiki wakati mgombea mwenyewe bado yuko kwenye gari anakuja.

Haya ninayoandika hayana chama. Kijani, bluu, zambarau, wote mna wapambe na wote wapambe wenu wana midomo.

Tuanze na sheria, na hapa watu wa Arusha tuna historia yetu. Uchaguzi wa 2010 Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Dk. Batilda Burian wa CCM pale Arusha Mjini. Wapiga kura watatu wakaenda Mahakama Kuu wakidai kwenye kampeni Lema alitumia lugha ya kumdhalilisha mwenzake, na Aprili 2012 mahakama ikatengua ubunge wake. Akakata rufaa, na Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikamrudishia jimbo. Ukienda vijiweni watu wanakumbuka hiyo ya mwisho tu, wanakwambia "si alishinda rufaa, kwahiyo kampeni ni kupashana". Ngoja kwanza. Alirudishiwa kwasababu Mahakama ya Rufani ilisema wale watatu hawakuwa na haki ya kufungua ile kesi, haki zao wao kama wao hazikuguswa na hayo maneno. Hakuna aliyesema kumchambua mtu kwa jinsia yake au kwa kwao ni ruksa. Na hesabu mwenyewe, kuanzia Aprili hadi Desemba mtu hana kiti, analipa mawakili, anazunguka mahakamani.

Sasa pale Lema alidaiwa kusema mwenyewe. Sisi tunaongelea wapambe, na sheria iliyokuwepo wakati ule, Sheria ya Taifa ya Uchaguzi Sura ya 343, kifungu cha 108, haikumsahau mpambe. Kilisema uchaguzi unaweza kubatilishwa kama wakati wa kampeni yametolewa maneno na mgombea, au na mtu mwingine kwa niaba yake huku mgombea akijua na ameridhia, kwa nia ya kutumia tofauti za kabila, rangi au dini, na kama wagombea ni mwanaume na mwanamke basi na hiyo tofauti ya jinsia. Tangu 2024 tuna sheria mpya, Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024, kwahiyo mwambie wakili wako akusomee sehemu ya mashauri ya uchaguzi neno kwa neno kabla hujachapisha hata fulana moja. Ila maswali yale yashike kichwani, yatakusaidia kuliko semina yoyote: alisema kwa niaba yako? ulijua? uliridhia?

Hilo la kuridhia ndo lenye kazi. Kuridhia hakuhitaji usaini karatasi. MC ametukana, umekaa kwenye kiti cha mbele, umecheka mpaka umejipiga paja, simu arobaini zinakurekodi, alafu kesho useme hukuridhia? Mwongozo wote huu unazunguka hapo, namna ya kufanya ili jibu la swali la tatu liwe HAPANA na lionekane, lisikike, na ushahidi wake uwepo.

Mbali na mahakama kuna Maadili ya Uchaguzi, yale ambayo vyama, serikali na Tume ya Uchaguzi husaini kabla ya kampeni, yanakataza lugha za matusi na kashfa, na kuna kamati za maadili kuanzia kata mpaka taifa. Hizi watu wanazidharau mpaka ziwaguse. Oktoba 2020 Tundu Lissu alikuwa mgombea urais na bado Kamati ya Maadili ilimsimamisha kampeni siku 7 kwa maneno yake. Mwezi huo huo Maalim Seif naye Zanzibar akasimamishwa siku 5. Unaweza kuona hukumu zile zilikuwa za haki au za uonevu, mi siingii huko leo, nachosema ni kwamba siku 7 ni nyingi. Kampeni za uenyekiti wa mtaa mwaka 2024 zilikuwa siku 7 jumla, Novemba 20 mpaka 26. Najua zile zina kanuni zake za TAMISEMI, lakini piga picha unafungiwa muda huo wewe ambaye huna hela ya redio wala bango barabarani.

Kabla hujampa mtu maiki

MC wengi wa kampeni zetu ni MC wa harusi. Kijana kapiga send-off Jumamosi pale Majengo, Jumapili unampa jukwaa lako. Anao utani wake anaoujua unafanya kazi: Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, mwanamke wa Kimachame usimuoe kama una bima, Mkibosho ukimgusa anakuja na panga. Ukumbini watu wanakufa kwa kucheka, ndugu wa pande zote wapo, wameshakula, wanajuana. Wachaga na Wapare ni watani toka enzi za mababu na hakuna anayetaka kuua hiyo kitu.

Jukwaani ni habari nyingine kabisa. Utani una masharti yake, mtani anataniwa akiwepo, anajibu palepale, na siku ya msiba wako ndo wa kwanza kuja kukufanyia vituko makaburini ili usilie sana. Mpinzani wako hayupo kwenye mkutano wako. Hawezi kujibu. Na unachokiomba wewe pale ni kura, kwahiyo ule mzaha wa Mpare na kuku ukirushwa kwa mgombea ambaye ni Mpare haubaki mzaha, unakuwa hoja ya kwanini asichaguliwe. MC akikwambia "mheshimiwa ni utani tu" mwambie utani tutaufanya tukikutana kwake, hapa tunafanya kampeni.

Kwahiyo kaa naye. Usimtumie meseji, kaa naye, nunua hata chai na chapati, na umwambie kwa majina vitu ambavyo hutaki asikike akivisema. Ukimwambia "usitukane" hakuelewi kwasababu yeye hajioni kama anatukana, anajiona anachangamsha. Sema wazi: hakuna chasaka, hakuna mkuja, hakuna "kaja na basi juzi", yaani maneno ya kumwita mtu si wa hapa, hakuna Mmachame-Mkibosho-Mrombo, hakuna "yule ni wa upande ule" ukimaanisha dini, na huku kwetu hata dhehebu, Mlutheri na Mkatoliki. Hakuna "hana mume atawaongozaje", hakuna "ameachika", hakuna kuhesabu watoto wa mwanamke wala kusema hana. Hakuna ugonjwa, hakuna ulemavu, hakuna mke wa mtu, hakuna mtoto wa mtu. Hayo ya mwanamke nayarudia kwa makusudi maana ndo yanatoka kirahisi zaidi, mwanaume anashambuliwa kwa barabara mbovu, mwanamke kwenye nafasi ileile anashambuliwa kwa kitanda, na kuna wazee wenye heshima zao wanaocheka.

Alafu, na hapa ndo wagombea wengi wanakosea, mpe cha kusema. MC anatukana kwasababu umempa dakika arobaini ajaze watu na hujampa hata hoja moja. Mwandikie. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, kata yetu wamepata vikundi vingapi na nani kagawa. Ushuru wa machinga. Mtaro unaojaa maji kila masika. Diwani aliyepo aliahidi nini mwaka ule na kiko wapi. Hiyo yote ni halali kabisa, mbane mpaka achoke, rekodi yake ya kazi ni mali ya umma. MC mzuri akiwa na mambo kama hayo mkononi anachekesha vizuri kuliko na kabila la mtu.

MC sio peke yake. Kina mama wa hamasa nao wana nyimbo zao za mipasho, na mipasho ni sanaa ya kumsema mtu bila kumtaja, wanaijua kuliko wewe. Waombe wakuimbie zote siku moja kabla. Zote, mpaka ile wanayosema "hii tunaiimbaga tu njiani". Gari la matangazo liwe na maneno yaliyorekodiwa, umeyasikiliza mwenyewe, dereva asiwe na maiki ya kuongezea ya kwake akifika Kilombero sokoni akaona watu wengi. Bodaboda wa msafara wapate kiongozi wao mmoja anayejulikana, machalii wa Chuga (Arusha) wakiwa hamsini na mafuta ya bure hawasikilizi mtu wasiyemjua, ila kiongozi wa kijiwe chao wanamsikiliza.

Na kuna lugha. Kanuni za kampeni zinataka Kiswahili na pale wananchi hawakielewi anawekwa mkalimani. Lakini tunajua ikoje, ukienda Kibosho, Meru, ukishuka Monduli, mzungumzaji anaanza na Kiswahili alafu lile neno lenyewe analitupa kwa Kichaga au Kimaasai, watu wanalipuka kwa kicheko na wewe umekaa unatabasamu kama mgeni kwenye picha. Hiyo tabasamu ndo itasambazwa. Kaa na mtu anayejua lugha ya pale, ubavuni kabisa, kazi yake ni moja tu, kukunong'oneza kilichosemwa. Ukimkosa, usicheke kitu ambacho hujaelewa. Rahisi hivyo.

Vijana wa mitandao nao waambie sheria inawahusu wao wenyewe, sio wewe tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. Na hata nje ya mtandao lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89. Chawa, yaani mpambe wa kukusifia mtandaoni, akijua kwamba siku ya kukamatwa ataenda na begi lake peke yake huwa anaandika kwa adabu kidogo. Makundi ya WhatsApp yenye jina lako na picha yako, jua nani ni admini. Kama hujui nani ni admini basi lifungwe au libadilishwe jina, hakuna njia ya katikati hapo.

Limeshatokea, wewe uko jukwaani

Una kama dakika moja. Sio kwamba nimeipima, namaanisha kabla kicheko hakijaisha.

Simama. Chukua maiki. Huna haja ya kumfokea MC mbele za watu, akifokewa naye atataka kujitetea na mtageuka kichekesho. Sema "kaka, naomba maiki kidogo", alafu ongea na wananchi. Kitu kama hiki, badilisha kwa mdomo wako:

"Ndugu zangu, mama zangu, shikamooni wakubwa zangu. Hayo yaliyosemwa sasa hivi kuhusu mwenzangu mimi siyakubali na sijamtuma mtu ayaseme. Mama yule ni dada yetu, tunashindana kwa kazi. Namwomba radhi yeye na familia yake nikiwa hapahapa. Mwenye hoja ya barabara aendelee, mwenye hoja ya ndoa za watu jukwaa langu sio lake."

Ukimaliza nyamaza sekunde kadhaa alafu endelea na mkutano. Usigeuze ikawa hotuba ya maadili ya nusu saa, watu wamesimama juani. Na usiseme "kama kuna mtu amekwazika", hiyo "kama" inaharibu yote, inamfanya aliyetukanwa aonekane ndo mwenye tatizo la kukwazika.

Kuna watakaokuzomea, wa kwako. Hilo lipo, jiandae. Oktoba 2008 huko Marekani, John McCain akigombea urais dhidi ya Barack Obama, kwenye mkutano wake Lakeville, Minnesota, mama mmoja mfuasi wake kabisa akashika maiki akasema hamuamini Obama, ni Mwarabu. McCain akaichukua ile maiki akamwambia hapana mama, ni baba wa familia mwenye heshima, ni raia, tunatofautiana tu kwenye mambo ya msingi. Kuna wa kwake walimzomea siku ile, na uchaguzi akashindwa. Wapo pia waliosema jibu lake lilikuwa na dosari, maana kuwa Mwarabu hakumzuii mtu kuwa baba mwenye heshima, na wana hoja. Ila hakuna aliyeweza kusema McCain aliridhia. Mapema mwaka huohuo, Februari, Cincinnati, mtangazaji wa redio Bill Cunningham alipewa kazi ya kuchangamsha watu kabla McCain hajafika, akawa anavuta lile jina la kati la Obama, Hussein, mara kwa mara, unajua kwanini. McCain hakuwepo jukwaani wakati huo. Alipoambiwa akaomba radhi siku ileile na akasema jukumu ni lake. Hakuanza kusema mimi nilikuwa kwenye gari.

Sasa linganisha na hii. Oktoba 27, 2024, mkutano wa Donald Trump ukumbi wa Madison Square Garden New York, mchekeshaji Tony Hinchcliffe akapanda mapema kabla ya mgombea akaifananisha Puerto Rico na kisiwa cha takataka kinachoelea baharini. Timu ya kampeni ikatoa tamko kwamba ule mzaha hauwakilishi mawazo ya mgombea. Mgombea alipoulizwa akasema simjui yule, kuna mtu alimuweka tu. Na alishinda uchaguzi, sikufichi, kwahiyo usije ukasema nimekudanganya kwamba kila anayenyamaza anashindwa. Ila jibu la "simjui" kwa mtu uliyemkodishia spika, ukampandisha jukwaa lenye picha yako, ukamlipa na posho, mbele ya hakimu wetu sijui utalimaliziaje.

Jirani zetu nao wana la kwao. Januari 2022 Eldoret, kwenye mkutano wa chama cha UDA ambao William Ruto alikuwepo, Seneta Mithika Linturi alitumia neno madoadoa, la kuwasema watu wanaoonekana si wa pale, neno ambalo Kenya lina kumbukumbu mbaya ya vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Akakamatwa, akaomba radhi. Na swali lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa kwa aliyekaa jukwaa kuu, kwamba wewe palepale ulifanya nini. Ndo maana nakwambia simama. Sisi wenyewe baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 mioyo ya watu haijapoa, sio wakati wa kuchezea maneno ya namna hiyo kwenye uwanja wenye watu elfu mbili.

Usiku ule

Mkutano umeisha saa 12 jioni kama kanuni inavyotaka, wapambe wanataka nyama choma na kupongezana. Wewe una simu za kupiga. Ya kwanza ni kwa mpinzani mwenyewe, wewe mwenyewe, sio katibu wako. Kama ni mtu mzima kwako mwamkie, shikamoo mama, shikamoo baba, alafu sema limetokea hili, nimelikataa jukwaani, nakuomba radhi. Anaweza akakukatia simu. Sawa tu, umepiga. Kama ni mambo ya dini au kabila, tafuta mzee wa pale mnayeheshimiana, mchungaji, shehe, laigwanani (kiongozi wa mila) kama ni upande wa Wamaasai, umweleze. Bila kamera. Mgombea anayeenda kuomba radhi na wapiga picha watatu haombi radhi, anapiga kampeni, na wazee wetu wanalijua hilo toka unashuka kwenye gari.

Alafu tamko fupi la maandishi, sentensi nne tano: kilichosemwa, kwamba hukukituma na hukukubali, umefanya nini kwa aliyesema, radhi. Weka na ile video yako ukiwa unachukua maiki. Ndo maana unahitaji mtu wako anayerekodi mkutano mzima mwanzo mwisho bila kukata, maana kipande kitakachozunguka kitaishia pale watu wanapocheka, sekunde moja kabla hujasimama.

Na aliyesema atoke kwenye maiki. Sio "atapumzika kidogo", atoke, angalau mpaka kampeni iishe, apewe kazi nyingine kama unamhitaji, kugawa vipeperushi, kuhesabu viti. Akionekana kesho yake Ngarenaro anachangamsha tena, ile radhi yako yote imekuwa maigizo na swali la kuridhia limejibiwa na wewe mwenyewe.

Kama aliyetukana ni mjomba

Hapa vitabu havifiki. MC wa kulipwa unamtoa, lakini anayeropoka anaweza kuwa baba yako mdogo, au yule mfadhili aliyetoa gari mbili za Noah na jenereta, au mzee wa chama ambaye bila yeye kura za maoni usingepita. Huwezi kumpokonya maiki mzee wa miaka 70 pale Marangu ukabaki na kura, hata waliokereka watasema kijana hana adabu.

Njia niliyoona inafanya kazi ni kumzunguka. Msubiri amalize, msimamie, mshike mkono, "asante sana baba kwa kutusalimia, mzee wetu ana uchungu na kata yake, ila mimi mwanao kwenye lile la kabila naomba tofauti, nawaomba radhi ndugu zangu waliotoka nje ya hapa, kura yangu naiomba na kwenu". Heshima imebaki, maneno yamekataliwa, na yamerekodiwa. Kisha jioni unaenda kwake nyumbani, unakaa, unamweleza kisheria inakuweka wapi. Wazee wengi wakisikia "kiti kinaweza kutenguliwa" wanaelewa haraka kuliko ukiwaambia wamekosea. Mfadhili vilevile, mwambie hela yake ndo inaenda kupotea mahakamani. Ratiba inayofuata mpe nafasi ya kusalimia tu kwa kupunga mkono, watu wanapenda kupunga mkono.

Kuna mgombea mmoja wa udiwani huku Moshi, sitamtaja, mfadhili wake alikuwa na ugonjwa wa kumsema mpinzani kwa dini yake kila akishika maiki. Walichofanya ni kumpangia awe anafungua mikutano kwa kutambulisha wageni kutoka kwenye karatasi yenye majina ishirini. Akimaliza kusoma majina kachoka mwenyewe anarudisha maiki. Nilicheka lakini ilifanya kazi mpaka siku ya mwisho.

Yasiyo yako usiyabebe

Usije ukawa mgombea wa kuomba radhi kila asubuhi. Mlevi kijiweni Mbuyuni kavaa fulana yako katukana, huyo hujamtuma, hajui hata namba ya simu ya ofisi yako, ukitoa tamko unampandisha cheo. Akaunti isiyojulikana yenye picha yako, sema mara moja kwamba sio yako, ripoti, basi. Siku hizi kuna sauti za kutengenezwa na AI, unasikia sauti yako kabisa inatukana Wameru na wewe siku hiyo ulikuwa Rombo msibani. Hapo ndo utashukuru kuwa na ratiba iliyoandikwa na rekodi za mikutano.

Kipimo changu ni hiki: je, nimempa huyu mtu kitu? Maiki, hela, cheo, gari, nafasi kwenye group la timu. Kama nimempa, maneno yake yamekaa mlangoni kwangu hata kama sikuyatuma. Kama sijampa chochote na nilipojua nilikataa, nimemaliza. Katikati hapo kuna mashabiki wa kujitolea ambao hujawapa kitu ila wanakuja kila mkutano na mabango yao ya kuandika kwa mkono. Weka kijana asome mabango kabla hayajafika mbele ya kamera. Hilo tu.

Ukilalamikiwa kwenye kamati ya maadili

Nenda. Watu wanasusa wakidhani wanaikomoa kamati, alafu uamuzi unatoka upande mmoja umesikilizwa. Nenda na daftari: tarehe, mahali, nani alisema, wewe ulifanya nini, saa ngapi, nani alishuhudia, karatasi MC aliyosaini kwamba ameelezwa mipaka. Ndiyo, msainishe, hata kwa kalamu ya mkaa. Nenda na video nzima. Usimpeleke MC akakutetee, atachekesha.

Hilo daftari usilitupe baada ya kushinda. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge inaanzia Mahakama Kuu na inafunguliwa baada ya uchaguzi, wakati wewe umeshaapishwa na MC wako ameshahamia Babati hapokei simu. Kesi ya Lema ilihusu maneno ya kampeni za 2010 na hukumu ya kwanza ilitoka 2012. Weka nakala mbili, moja kwa wakili.

Siku ya matokeo

Ukishinda, wapambe watataka msafara, na msafara utataka kupita nyumbani kwa aliyeshindwa. Kuna wenye tabia ya kubeba jeneza la maboksi lenye jina lake, wakalipeleka mpaka getini kwake, watoto wake wako ndani wanachungulia dirishani. Hiyo nayo iko juu yako, tena sasa hivi wewe ndo mheshimiwa na polisi wanakujua kwa jina. Kaa na kiongozi wa bodaboda mchana kabla kura hazijaanza kuhesabiwa mchore njia, mkitoka kituo cha majumuisho mnapita wapi, mnaishia wapi, spika zinazimwa saa ngapi. Kama mpinzani anakaa Kiboriloni, msafara uende Soweto.